Shahada na Ubao wa Darasa la Kwanza

Msomaji mpenzi, huenda umepata kulisikia swali hili nyumbani kwenu, au ndani ya matatu, au mbele ya duka la mtaani: "Mtu amesoma mpaka chuo kikuu, kisha anarudi kuwafundisha watoto a, e, i, o, u! Je, hiyo si hasara?" Aulizaye huuliza kwa mshangao tu, wala hajui kwamba amemvunjia mtu heshima. Kwake elimu ni mlima, na mtu aliyefika kileleni hana sababu ya kushuka tena bondeni kwa watoto wadogo. Nataka utembee nami katika historia ya swali hilo, hasa katika mitaa ya mashariki ya mji wa Nairobi, ili uone limetoka wapi, na uamue mwenyewe kama ni swali la haki.

Kabla hatujaondoka, nikueleze tuendako. Kwa miaka mingi nchi yetu iliwapa watoto wadogo kabisa walimu waliosoma kidogo kabisa. Shahada ya chuo kikuu ikawa mlango wa kutokea katika shule ya msingi, haikuwa mlango wa kuingilia. Walikuwako wachache waliopita mlango huo kinyumenyume, na wengine wengi waliousukuma polepole kwa mabega yao. Habari zao ndizo nitakazokusimulia.

Tuanze na mahali penyewe. Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, palikuwa na kinamasi na maji baridi ya mto. Mji ulipokua ukagawanywa kwa rangi za watu. Wazungu walijichagulia vilima vya magharibi na kaskazini penye miti na hewa njema. Wahindi wakakaa pande za Ngara na Parklands. Waafrika wakasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi ambao mvua ikinyesha hushika viatu kama gundi, karibu na reli na viwanda. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ukaanzishwa mtaa wa Pumwani. Jirani yake pakawa Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, lile jeshi la wapagazi ambalo liliwamaliza maelfu ya vijana wetu katika vita hivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 ulijengwa Shauri Moyo, wakahamishiwa huko watu waliobomolewa makao yao ya Pangani. Kisha ikafuata mitaa mingine, kama Ziwani, Kaloleni, Bahati, Makadara, Mbotela, Ofafa, Jericho na Jerusalem. Shirika la reli nalo lilikuwa na mitaa yake ya wafanyakazi, Muthurwa na Makongeni.

Ukiyatazama majina hayo utaona kwamba historia imelala ndani yake. Mbotela ni ukumbusho wa Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952. Ofafa ni ukumbusho wa Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953. Wote wawili walikuwa watu mashuhuri katika siasa za mji, nao walikufa katika miaka ile ya Hali ya Hatari, damu ilipokuwa ikimwagika pande zote. Hata ile Barabara ya Jogoo unayoipita kila asubuhi iliitwa Doonholm kabla ya uhuru.

Jambo moja katika ujenzi wa mitaa hiyo latuhusu sana. Serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika awe mwenyeji wa mji. Alitakiwa aje peke yake, afanye kazi, alale, na nguvu zikimwisha arudi kwao shambani. Kwa hiyo nyumba nyingi za mwanzo zilikuwa vyumba vya kulala wanaume, na mwanamume hakupimiwa chumba bali nafasi ya kitanda. Mji uliojengwa kwa fikira za namna hiyo hauna nafasi ya mtoto, na pasipo nafasi ya mtoto hapana nafasi ya shule. Ni katika miaka ya 1940, ulipojengwa mtaa kama Kaloleni wenye nyumba za kukaa jamaa nzima, ndipo mji ulipoanza kukiri kwamba Mwafrika ana mke na watoto, na kwamba watoto hao wana haki ya kusoma.

Basi ni nani aliyewafundisha? Hapa yatupasa kutazama ngazi ya ualimu jinsi ilivyokuwa katika miaka ya 1950. Walimu wa Kiafrika walipangwa kwa herufi na tarakimu. Chini kabisa alikuwa mwalimu wa T4, ambaye hakuwa amefaulu mtihani wa darasa la nane. Juu yake alikuwa T3, aliyefaulu mtihani huo akasomea ualimu kwa miaka miwili. T2 alikuwa amefika kidato cha pili, na T1 alikuwa amemaliza kidato cha nne. Baada ya uhuru herufi ikabadilika ikawa P, lakini ngazi ikabaki ile ile, kutoka P4 mpaka P1. Mwenye shahada hakuwamo kabisa katika ngazi hiyo. Nafasi yake ilikuwa shule ya sekondari, au chuo, au ofisi ya Serikali.

Tafadhali usipite hapa upesi. Fikiri maana ya mpango huo. Kijana wa kidato cha nne, ambaye tayari ajua kusoma kitabu peke yake, alipewa mwalimu wa chuo kikuu. Mtoto wa miaka saba, ambaye hajui hata kushika kalamu, ambaye kosa moja la mwalimu laweza kumfanya aichukie shule maisha yake yote, alipewa mwalimu wa T4. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nasi tulimwacha mkunjaji hodari akingoja samaki akauke!

Lakini tuwe waadilifu. Si haki kuwadharau walimu wale wa T4 na T3. Walitembea mwendo mrefu kwa miguu, walilipwa fedha kidogo, waliandika mchangani pasipokuwa na ubao, na karibu kila waziri, daktari na hakimu wa Kenya ya uhuru alijifunza herufi zake za kwanza mikononi mwa mmoja wao. Walitoa vyote walivyokuwa navyo. Lawama ni ya wale waliopanga kwamba wapewe kidogo kisha watakiwe kutoa kingi.

Sasa tazama watu wawili waliokuwa na shahada, ambao hawakuufuata mpango huo.

Wa kwanza ni Mwingereza, Edward Carey Francis, aliyezaliwa mwaka 1897. Alikuwa bingwa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, naye akafundisha huko huko. Kwa desturi za watu wake alikuwa amekwisha kufika: chumba chenye vitabu, wanafunzi wateule, na heshima mpaka uzee. Mwaka 1928 aliyaacha hayo yote, akaja Maseno karibu na Ziwa Victoria, awe mkuu wa shule ambayo wakati huo ilikuwa bado ya masomo ya msingi. Marafiki wa Cambridge bila shaka waliuliza swali lile lile unalolisikia wewe katika matatu. Alikaa Maseno miaka 12, kisha mwaka 1940 akahamia Alliance kule Kikuyu, akawa mkuu wa shule mpaka mwaka 1962. Hakuwa mtu asiye na kosa. Alikuwa mkali mno, na kwa muda mrefu aliwashuku wapigania uhuru, hata wanafunzi wake wengine hawakumsamehe kwa hilo. Lakini hakuona kwamba mtoto wa kijijini ni mdogo kupita kiasi kwa hisabati ya Cambridge.

Wa pili ni mwananchi, Peter Mbiyu Koinange. Alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa kwanza wa Alliance ilipofunguliwa mwaka 1926. Mwaka uliofuata alivuka bahari kwenda Marekani, akasoma Hampton, akapata shahada ya kwanza katika chuo kikuu cha Ohio Wesleyan, kisha shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York. Aliporudi mwaka 1938 Waafrika wa Kenya wenye elimu ya kadiri hiyo walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Je, alikwenda kutafuta kiti cha ofisini? La. Mwaka 1939 alianzisha chuo cha ualimu huko Githunguri, kaskazini ya Nairobi, ili shule za kujitegemea za Waagikuyu zipate walimu wa kuwafundisha watoto. Chuo hicho kilijengwa kwa michango ya wananchi. Rika kwa rika walishindana kuchanga. Mtu mwenye shahada mbili alikuwa akiwafunza vijana namna ya kumfundisha mtoto kusoma.

Mwisho wa chuo hicho ni wa majonzi. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, Serikali ilikifunga pamoja na shule za kujitegemea, na majengo yake, yaliyojengwa kwa senti za wakulima ili watoto wasome, yakafanywa mahali pa kunyongea watu. Msomaji wangu, ukitaka kujua kama ualimu wa watoto wadogo ni kazi duni, jiulize kwa nini dola yenye ndege na bunduki iliuogopa kiasi hicho.

Nairobi yenyewe haikusalimika. Tarehe 24 Aprili 1954 askari waliizunguka mitaa ya mashariki katika msako ulioitwa Anvil, wakawakamata maelfu ya watu na kuwapeleka vizuizini. Katika nyumba nyingi baba alitoweka kwa siku moja. Watoto waliobaki walihitaji shule zaidi kuliko wakati wowote, na walimu walikuwa haba.

Miaka michache baadaye upepo ukageuka. Katika mtaa wa Ziwani aliishi kijana aliyeitwa Tom Mboya, aliyewahi kuwa mkaguzi wa afya wa Baraza la Mji. Yeye mwenyewe hakuwa na shahada, ila alifahamu kwamba nchi inayokaribia uhuru bila wasomi ni kama jahazi linalotweka tanga bila nahodha. Pamoja na marafiki wa Marekani alitafuta nafasi za masomo, na mwezi wa Septemba 1959 wanafunzi 81 wakapanda ndege kwenda vyuo vya Marekani. Mpaka mwaka 1963 vijana karibu 800 wa Afrika ya Mashariki walikuwa wamesafiri kwa mpango huo. Wakati huo huo Chuo cha Makerere kilikuwa kikitoa wahitimu wake, na Nairobi nayo ilikuwa na chuo kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956, ambacho mwaka 1970 kilikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi.

Wahitimu hao waliporudi walikuta viti vitupu vikiwangoja. Wizara zilihitaji makatibu, mabenki yalihitaji mameneja, shule za sekondari zilihitaji walimu. Nani angekataa? Nchi iliwahitaji kweli, nao walistahili. Lakini hapo ndipo wananchi walipojifunza somo moja ambalo hawajalisahau: kwamba shahada maana yake ni ofisi, motokaa na nyumba ng'ambo ya magharibi ya mji. Aliyeipata alihama Eastlands. Watoto wa Shauri Moyo na Bahati walimwona msomi akiondoka, hawakumwona akija.

Hapa ndipo habari za Carey Francis zinaporudi kwa namna ya ajabu. Alipostaafu ukuu wa Alliance mwaka 1962 angeweza kurudi Uingereza kupumzika. Badala yake alikwenda Pumwani, akawa mwalimu wa kawaida katika shule ya sekondari ya huko, chini ya mkuu mwingine, akawafundisha vijana wa mtaa mpaka alipofariki mwaka 1966. Ni kweli kwamba hiyo haikuwa shule ya watoto wadogo. Hata hivyo tazama njia zilivyopishana: wakati wasomi wapya walipokuwa wakiondoka mitaa ya mashariki, mzee mmoja msomi alikuwa akiingia.

Mtu mmoja, hata akiwa mwema namna gani, hawezi kuijaza nchi. Wakati wa uhuru, mwaka 1963, watoto karibu laki tisa walikuwa katika shule za msingi za Kenya, na walimu wengi hawakuwa wamesomea kazi yao. Walimu wenyewe walikuwa wamekwisha kuunda chama chao, KNUT, mwezi wa Desemba 1957, na katika madai yao makubwa walitaka mwajiri mmoja kwa walimu wote. Mwaka 1967 ikaanza kazi Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Mwaka huo huo likatokea jambo jingine ambalo halikupigiwa kelele, lakini kwangu mimi ni kubwa. Chuo kikuu kilianzisha masomo ya posta na redio, makao yake Kikuyu, kwa ajili ya walimu wa shule za msingi ambao hawakuwa na mafunzo. Mwalimu alipokea vitabu kwa posta, akasikiliza masomo katika redio ya Sauti ya Kenya, akaandika majibu na kuyarudisha. Kwa mara ya kwanza chuo kikuu kilimnyoshea mkono mwalimu wa watoto wadogo pale pale alipokuwa, bila kumtaka aliache darasa lake.

Kazi ilizidi nguvu za wafanyakazi. Desemba 1973 Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba karo ifutwe katika madarasa manne ya kwanza. Januari 1974 watoto wa darasa la kwanza katika Kenya waliruka kutoka kiasi cha 380,000 hadi kiasi cha 960,000. Hebu fikiri: mahali palipokuwa na watoto wawili sasa pana watano, na mwalimu ni yule yule mmoja. Ikabidi vijana waliotoka shule juzi waitwe kufundisha leo. Jambo la namna hiyo likarudi mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bila malipo tena. Zaidi ya watoto milioni moja waliongezeka mara moja, na katika mitaa ya mashariki ya Nairobi darasa la watoto sabini au themanini halikuwa kioja.

Sasa mfikirie mwalimu mmoja wa darasa hilo. Ana cheti cha P1, alichokipata kwa miaka miwili ya chuo cha ualimu. Anakaa Makongeni au Umoja na jamaa yake. Mbele yake wameketi watoto themanini, na kila mtoto ni fumbo. Huyu nyumbani husema Kijaluo, yule Kikamba, wa tatu Kikuyu. Uwanjani wote husema Sheng, lugha iliyozaliwa katika mitaa hii hii. Darasani huambiwa waseme Kiswahili, kisha Kiingereza. Kabla hajafika miaka tisa mtoto wa Eastlands amekwisha kudaiwa lugha nne. Mmoja ageuza herufi kila aandikapo. Mwingine yuko kimya siku zote. Wa tatu asinzia kila asubuhi. Mwalimu asiyefunzwa vya kutosha ana neno moja tu la kuwaita wote watatu: wajinga. Lakini huenda wa kwanza ana shida ya kusoma yenye jina lake na njia zake za kusaidiwa. Wa pili hasikii vizuri. Na wa tatu hajala tangu jana. Kuyatambua hayo si kazi ya mtu aliyesoma kidogo. Ni elimu kubwa, na yahitaji mtu aliyejifunza jinsi akili ya mtoto ikuavyo, jinsi lugha inavyojengeka, na jinsi ya kupima fikira kabla ya kupima majibu.

Mwalimu wetu aliliona hilo, akaamua kusoma. Vyuo vikuu vyetu vilikuwa vimefungua masomo ya likizo kwa walimu walio kazini. Basi shule zilipofungwa Aprili, Agosti na Desemba, watoto walipokwenda kucheza, yeye alichukua mkoba wake akapanda gari kwenda chuoni. Huenda alikwenda Kahawa, kwenye Chuo Kikuu cha Kenyatta. Mahali hapo palikuwa kambi ya askari wa Kiingereza, wakaikabidhi mwaka 1965 ikawa chuo cha kufunzia walimu, na mwaka 1985 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili. Karo aliilipa kwa mkopo wa chama cha akiba, na mkopo ukakatwa katika mshahara mwezi baada ya mwezi. Wakati mwingine karo yake na karo ya mwanawe zilidaiwa wiki moja. Usiku alisahihisha madaftari themanini, kisha akafungua kitabu chake mwenyewe. Alikwenda hivyo miaka minne, mitano au zaidi, bila likizo hata moja. Walimu wa namna hiyo hawakuwa wawili watatu. Walikuwa maelfu katika nchi nzima, na majirani wengi hawakujua kwamba yule mwalimu anayetembea kwa haraka na mkoba wake ni mwanafunzi wa chuo kikuu.

Je, alipoipata shahada ilikuwaje? Hapa, msomaji, historia yageuka kuwa chungu kidogo. Kwa muda mrefu mwalimu aliyeleta shahada alipandishwa cheo, na mara nyingi kupanda huko kulikuwa kuondoka. Alipelekwa shule ya sekondari, au chuo cha ualimu, au ofisi ya elimu. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye kwa ajili yake mwalimu alisoma, alipoteza mwalimu siku ile ile alipokuwa hodari. Katika miaka ya 2010 desturi ya kumpandisha mtu cheo kwa sababu ya shahada tu ikakomeshwa, na walimu wengi waliobaki madarasani na shahada zao wakalalamika kwamba wamesoma bure; mashauri yakafika hata mahakamani. Mwaka 2023 madarasa ya sekondari ya chini yalifunguliwa ndani ya nyua za shule za msingi, na baadhi ya walimu wa msingi wenye shahada wakahamishiwa huko. Safari hii shahada haikumtoa mtu mtaani. Ilimvusha uwanja tu. Lakini hata uwanja, kwa mtoto mdogo aliyeachwa ng'ambo ya pili, ni mpana.

Pengine utasema, "Basi dunia ndivyo ilivyo." Sivyo. Marekani, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, vyuo vidogo vya ualimu viligeuzwa hatua kwa hatua kuwa vyuo vya shahada, na mwalimu wa watoto wadogo akatakiwa kuwa na shahada kama mwenzake wa shule ya juu. Uingereza ilifuata njia hiyo baada ya miaka ya 1960. Nchi ya Ufini ilikwenda mbali zaidi, kwani tangu miaka ya 1970 mwalimu wa darasa la kwanza huko hufunzwa chuo kikuu mpaka shahada ya pili, na vijana wengi kuliko nafasi zilizopo huomba kazi hiyo kila mwaka. Huko hakuna aulizaye kwa nini msomi anafundisha watoto. Wangeshangaa kama ungewaambia kwamba asiye msomi anaruhusiwa.

Kenya nayo imeanza kupiga hatua. Mwaka 2021 vyuo vya ualimu vilianza kutoa stashahada mahali pa kile cheti cha P1. Si shahada bado, lakini ngazi imeinuliwa. Ukiipima njia kutoka T4 mpaka hapo, utaona kwamba tumesafiri mwendo mrefu katika umri wa mtu mmoja.

Lakini nisikudanganye. Shahada peke yake haimfanyi mtu kuwa mwalimu. Wako wenye shahada ambao hawawezi kukaa na mtoto nusu saa bila kukasirika, na walikuwako wa T4 waliompenda mtoto mpaka akasoma. Elimu bila upendo ni taa isiyo na mafuta. Hata hivyo, upendo bila elimu ni mafuta yasiyo na taa, na mtoto hukaa gizani kwa vyote viwili. Ninachokataa ni kule kufikiri kwamba yatupasa tuchague kimoja: mapenzi tuwape wadogo, elimu tuwape wakubwa.

Tena si haki kumtwika mwalimu mzigo wote, tukamwambia asome kwa mkopo, asiwe na likizo, kisha abaki pale pale kwa mshahara ule ule kwa sababu eti ni wito. Wito haulipi kodi ya nyumba. Ikiwa twataka msomi akae na watoto, lazima kukaa na watoto kuwe ni kupanda. Cheo na mshahara vimfuate darasani, asilazimike kuvifuata ofisini. Hilo ni jambo la Serikali na la wananchi, na siku moja litakuwa jambo lako, utakapopiga kura na kulipa ushuru.

Msomaji mpenzi, miaka michache ijayo nawe utachagua kazi. Sikulazimishi kuwa mwalimu. Nakuomba mambo mawili tu. La kwanza, ukipita asubuhi kando ya shule ya msingi pale Kaloleni, au Jericho, au Rabai Road, ukasikia sauti za watoto wakisoma pamoja, mkumbuke aliyesimama mbele yao, na ujue kwamba huenda aliutumia ujana wake wote wa likizo kusoma kwa ajili yao. La pili, siku utakaposikia swali lile la hasara, usicheke pamoja na wanaocheka. Muulize aulizaye, kwa adabu, ni nani aliyemfundisha yeye kusoma, na kama angependa mtu huyo angalijua zaidi au angalijua kidogo.